MAISHA YA MJINI: Mpangaji wa Tudor na Daftari Lake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wasikiapo neno hili hudhani kuwa linawahusu wenye maduka na wafanya biashara, watu wahesabuo magunia na marobota. Lakini liko kundi jingine la watu ambao neno hili lawahusu zaidi, nao ni wapangaji. Mwenye duka akipoteza daftari lake hupoteza hesabu. Mpangaji akikosa daftari huenda akapoteza mahali pa kulaza ubavu, yeye na watoto wake.

Msomaji ambaye hajafika Tudor na ajue kwamba ni mtaa ulio upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa, ukingoni mwa mkono wa bahari uitwao Tudor vile vile. Mito ya Kombeni na Tsalu itokayo bara humwaga maji yake humo, na bahari hujaa na kupwa katikati ya mikoko. Katika mtaa huu wamechanganyika watu wa kila namna: wafanya kazi wa bandari ya Kilindini, wauguzi, walimu, wachuuzi, na wanafunzi wa chuo kilichoanzishwa zama za ukoloni kwa ajili ya elimu ya Waislamu, ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Nyumba zake nazo ni za kila namna. Ziko zile za safu zilizojengwa na manispaa, yako maghorofa ya watu binafsi, na ziko nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na uwani nyuma, ambamo kila chumba huwa na mpangaji wake. Hali kadhalika kiko kijiji cha Moroto, ambako wakaao mabandani ni wengi.

Mji wenyewe umefurika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1962 Mombasa ilikuwa na watu wapatao 180,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 1,208,333. Kisiwa hakikuongezeka hata shubiri moja. Basi si ajabu kwamba mgeni ashukaye katika gari pale Mwembe Tayari na sanduku lake mkononi, jambo la kwanza limsumbualo ni chumba.

Wala shida hii si ya jana wala juzi. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na katika madai yao kodi ya chumba ilikuwa neno kubwa, kwa sababu walikuwa wakilipa kodi kutoka katika mshahara ambao haukutosha hata chakula. Serikali iliunda tume chini ya Bwana Willan kuchunguza jambo hilo, na waajiri wengi wakaanza kutoa posho ya nyumba. Mwezi wa Januari 1947 wakagoma tena, watu wapatao 15,000, kwa muda wa siku kumi na mbili, bandari ikanyamaza kimya. Baada ya hapo bidii iliongezwa ya kujenga nyumba za wafanya kazi, na Tudor ikawa mojawapo ya mahali palipojengwa. Hivyo yule apangaye chumba huko leo, ajue asijue, anakaa katika mtaa ambao wengine waliuhangaikia kabla yake.

Chukua mfano wa kijana mmoja. Jina lake halina haja, kwa kuwa vijana wa namna yake ni wengi. Alitoka Taita akiwa amepata kazi ya ukarani karibu na bandari. Mama yake alikuwa ameuza mtamba ili mwanawe aanze maisha ya mjini bila kukopa, akazifunga fedha katika kitambaa, akamwambia maneno mawili tu: “Usizimwage.”

Siku ya pili kijana alikutana na dalali, mtu mwenye maneno laini, aliyempeleka Tudor katika nyumba ya ghorofa tatu. Chumba kilikuwa cha juu kabisa. Kilipakwa rangi mpya. Dirisha lilitazama mikoko. Dalali akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu. Ilikuwa saa sita ya mchana. Kodi ikatajwa kuwa shilingi 7,000 kwa mwezi. Tena shilingi 7,000 za amana. Tena shilingi 1,000 za kuonyeshwa chumba. Tena shilingi 5,000 za kilemba, kwa kuwa, alisema dalali, wapo wengine watatu wakitakao chumba hicho hicho, na mmoja wao yu njiani anakuja. “Bwana mdogo,” alisema, “mji huu haumngoji mtu. Toa sasa, ufunguo huu hapa.”

Kijana akatia mkono mfukoni. Mara akaomba ruhusa ashuke chini kidogo apate kuhesabu fedha zake faraghani. Barazani alimkuta bibi mmoja mzee, mpangaji wa chumba cha chini, akichambua mchele katika ungo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?”

“Natoka Taita, bibi. Nimekuja kutazama chumba cha juu.”

“Umemwona mwenye nyumba?”

“Sijamwona. Nimemwona dalali.”

“Dalali ni mdomo, mjukuu wangu. Mwenye nyumba ndiye mwenye mkono wa kutia sahihi. Usitoe hata senti kabla hujauona mkono huo.”

“Lakini chumba ni kizuri, bibi. Hata maji nimeyaona kwa macho yangu.”

Bibi akaweka ungo chini. “Umeyaona adhuhuri, baada ya lori kujaza tangi la juu asubuhi. Njoo tena saa mbili usiku, ufungue bomba lile lile. Kisha uniulize wiki hii maji ya mfereji yamekuja mara ngapi.”

Kijana alikuwa na akili ya kusikia. Alimwambia dalali kwamba atarudi, akaondoka, na dalali akakasirika sana. Usiku aliporudi, bomba lilitoa pumzi tu. Na yule mteja wa nne aliyekuwa njiani hakuwa amefika, wala hakufika kesho yake.

Yafaa hapa kueleza habari ya maji, kwa sababu wageni wengi hudanganyika kwayo. Mombasa haina mto wake wenyewe wa maji matamu. Maji yake hutoka mbali: kutoka vilima vya Shimba, kutoka Baricho karibu na mto Sabaki, na kutoka chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake la kilomita zipatazo 220 lilikamilika mwaka 1957. Watu wameongezeka mara nyingi tangu siku hizo, na maji hugawanywa kwa zamu. Siku za ukame wa bomba, watu hununua maji ya mitungi ya lita 20 kwa wachuuzi wa mikokoteni. Visima vipo, lakini vingi vina maji ya chumvi, yafaayo kuogea na kufulia wala si kunywa. Basi mpangaji mwenye hekima huuliza mambo manne kabla ya kuuliza habari ya rangi ya ukuta: maji huja siku gani, tangi lina ukubwa gani, nani alipaye lori, na gharama hiyo imo ndani ya kodi ama imo nje yake. Chumba cha kodi ndogo chenye maji ya kununua kila siku huenda kikawa ghali kuliko chumba cha kodi kubwa.

Jambo la pili ni upepo. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, na kaskazi tangu Desemba hata Machi, nayo ndiyo miezi ya joto kali. Chumba kisicho na dirisha mbili zinazopokezana hewa, hasa kile cha juu kilicho chini ya mabati ama sakafu ya zege, huwa tanuri mwezi wa Machi. Heri mtu asimame ndani yake saa tisa ya alasiri kabla ya kukipanga.

Jambo la tatu latokana na lile la kwanza. Maadamu maji huja kwa zamu, kila nyumba huyaweka akiba katika mapipa, na pipa lisilofunikwa ni mahali pazuri pa mbu kutaga. Mbu aletaye homa ya dengue huuma mchana na hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Mombasa ilipatwa na homa hiyo mwaka 2013, na mara nyingine baadaye. Hivyo mpangaji na atazame uwani mapipa ya jirani zake kama yana vifuniko, kwa maana mbu wa jirani hajui mpaka wa chumba.

Tukirudi kwa kijana wetu: siku ya tatu alimtembelea yule bibi kumshukuru, akamwuliza ni nani aliyemfunza mambo yote hayo. Bibi akamweleza kwamba yeye alizaliwa Majengo, katika nyumba iliyojengwa na baba yake kwa jasho lake, ila ardhi ilikuwa ya mtu mwingine. Mtindo huo wajulikana sana pwani, nao huitwa nyumba bila ardhi. Mtu hujenga, nyumba ikawa yake, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Asili yake ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi za pwani iliwapa hati wale waliofika mbele ya serikali na kuthibitisha madai yao. Wengine wengi, ama kwa kutojua ama kwa kukosa njia, wakabaki bila karatasi katika ardhi waliyoikalia.

“Baba alilipa kodi ya kiwanja miaka yote,” alisema bibi. “Alikuwa mtu wa haki, na mwenye kiwanja alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo hawakuandikiana. Walipokufa wote wawili, watoto wao hawakujuana. Tulipewa siku za kuondoa mabati na miti yetu. Nyumba ilikuwa yetu, mjukuu wangu, lakini hapakuwa na mahali pa kuiweka.”

Maneno hayo kijana hakuyasahau. Alimtafuta mwenye nyumba, akamkuta Mji wa Kale, mzee mpole aliyeshangaa kusikia habari ya kilemba, maana yeye hakumtuma mtu kukidai. Wakapatana kodi, wakaandika mkataba nakala mbili, kila mmoja akachukua yake. Ndani yake waliandika kiasi cha kodi na siku ya kuilipa; kiasi cha amana na jinsi itakavyorudishwa; nani atatengeneza bomba likivunjika; na muda wa ilani ikiwa mmoja wao ataka kuuvunja mkataba. Kisha wakapanda ghorofani pamoja, wakaandika hali ya chumba siku ile: kioo kimoja cha dirisha kina ufa, kitasa cha choo hakifungi. Mambo hayo ni madogo siku ya kuingia, lakini siku ya kutoka huwa makubwa, kwa kuwa ndiyo yaliayo amana.

Kijana akanunua daftari la kurasa 48. Kila mwezi aliandika tarehe, kiasi alicholipa, na namba ya ujumbe wa simu wa malipo yake. Na kila apelekapo daftari Mji wa Kale mzee alitia sahihi mbele ya mstari. Wenzake wa ghorofani walimcheka. Tangu mwaka 2007 watu wametumiana fedha kwa simu, wakasema, basi daftari la nini? Lakini simu huibiwa, simu huanguka majini katika kivuko cha Likoni, na ujumbe hufutika.

Mwaka wa tatu yule mzee alifariki, Mungu amrehemu. Warithi wake walikuja Tudor na karatasi chache, wakatangaza kwamba kwa hesabu yao wapangaji wote wanadaiwa kodi ya miezi minane. Huenda hawakuwa watu wabaya. Hawakuona maandishi yoyote ya baba yao, wakadhani hakulipwa. Wapangaji walilia na kuapa. Wawili wakalipa mara ya pili kwa kuogopa. Mmoja, mtu mwenye watoto wanne, alihamisha vyombo vyake usiku kwa mkokoteni, wala haijulikani alikwenda mtaa gani.

Kijana alifungua daftari lake juu ya meza. Warithi walisoma mstari kwa mstari, wakaitambua sahihi ya baba yao, wakalifunga, wakamrudishia. Kisha yule bibi wa chini akaleta bahasha iliyochakaa, ndani yake zimo risiti zake za miaka kumi na tisa, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Hakusema neno. Mkubwa wa warithi akainuka, akampa kiti chake.

Sheria ya Kenya haikumsahau mpangaji. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyoanza mwaka 1959, iliweka baraza la kuamua ugomvi kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Kwa nyumba zinazohusika, haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri, wala kumkatia maji ama taa ili ahame, wala kumtoza kilemba juu ya kodi. Lakini msomaji na aangalie neno moja. Sheria hiyo inahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, kodi zikapanda, nacho kikabaki pale pale. Hivyo vyumba vingi vya Tudor vimetoka nje ya kivuli chake. Aliye nje ya kivuli hicho, ugomvi ukitokea, huenda mahakama ya kawaida, na huko hutazamwa kwanza mkataba. Asiye na mkataba huwa hana la kuonyesha ila kinywa chake.

Zaidi ya hayo, mtaa wenyewe unabadilika. Mwaka 2021 nyumba za zamani za Buxton, karibu na Tudor, zilianza kubomolewa ili kupisha maghorofa mapya, na familia zilizokaa humo miaka mingi zikahama. Nyumba za zamani za Tudor nazo zilitajwa katika mpango wa kaunti wa kujenga upya mitaa yake. Wengine huona ni maendeleo, wengine huogopa kwamba hawatarudi, na pande zote mbili zina maneno ya kusikilizwa. Ila katika mabadiliko kama hayo swali la kwanza huwa moja tu: jina la nani limo daftarini? Yule ambaye kwa miaka kumi amekaa kwa jina la binamu yake, ama amenunua ufunguo kwa mtu aliyehama, siku hiyo huonekana kama mgeni katika chumba alichozalia watoto.

Wapo wasemao kwamba kudai karatasi ni kumdharau mwenye nyumba, na kwamba watu wa pwani ni watu wa imani. Ni kweli, uungwana ni mali kubwa ya pwani, wala haifai kuupoteza. Lakini karatasi haimdhanii mtu ubaya. Mwenye nyumba mwema naye huhifadhiwa nayo, kwa sababu mpangaji mjanja hawezi kusema amelipa ilhali hakulipa. Tena watu wema wawili hawataishi milele. Baba wa yule bibi na mwenye kiwanja walikuwa waungwana wote wawili, na uungwana wao ulizikwa pamoja nao.

Basi wewe utakaye kupanga Tudor, ama mahali pengine popote mjini, onana na mwenye nyumba mwenyewe, ama na mtu aliye na barua yake. Kitazame chumba mchana, kisha urudi usiku. Uliza wapangaji wa zamani habari za maji kabla hujamwuliza dalali. Andikianeni. Dai risiti kila mwezi, hata kama mwenye nyumba ni mjomba wako. Na ufikapo dukani kununua sufuria, godoro na ndoo, ongeza kitu kimoja cha bei ndogo kuliko vyote: daftari.

Mtamba wa mama huuzwa mara moja tu.